Nilivyomtaja Shangazi Mwaloni

Watu wakiniuliza ni nani aliyenitia kwenye uandishi, huwa natafuta namna ya kukwepa. Nauliza habari za watoto. Nauliza kama kwao umeme umerudi. Si kwamba simjui mtu huyo. Namjua mno: ni dada wa baba yangu, yuko Ujiji, yu hai, na kila asubuhi anakunywa chai yake ya tangawizi akilalamika kwamba sukari ya siku hizi haina utamu. Tatizo ni kwamba niliwahi kumtaja mara moja, mbele ya watu, kwa kipaza sauti. Tangu siku hiyo naona haya hata kupita njia ya mwaloni.

Mwalo, kwa asiyejua, ni pale mitumbwi inapofika kupakua samaki. Shangazi ameishi hapo zaidi kuliko alivyoishi nyumbani kwake. Alikuwa akinunua dagaa kwa beseni alfajiri, akiwamwaga mchangani, akiwageuza mpaka jua liwakaushe, kisha anawafunga kwenye viroba. Hiyo ndiyo kazi tuliyoijua sisi ndugu zake. Hatukujua kwamba mchana, akishaoga kutoa harufu ya dagaa, alikuwa akijifungia chumbani na kaunta buku na kuua watu.

Na aliua wengi. Vitabu vitano, vidogo vya kuingia mfuko wa nyuma wa suruali, karatasi zake zina rangi ya uji wa ulezi. Vilikuwa vinakuja na treni kutoka Dar es Salaam, vinauzwa stesheni na bandarini, na jioni unavikuta kwa vinyozi vimeshapoteza jalada. Juu palikuwa na jina la mwanamume ambaye hakuna mtu Kigoma aliyemjua. Wengine walisema ni polisi mstaafu. Wengine walisema hapana, huyo ni mfungwa, haiwezekani mtu ajue mambo yale bila kulala jela.

Kabla yake, hadithi za upelelezi tulizozisoma zilikuwa na vijana watanashati wa mjini, wenye bastola na magari ya haraka na mabinti wanaowasubiri hotelini. Yeye akaja na fundi wa injini za boti. Mtu wa makamo, kucha zimejaa oili, mgongo unamuuma, na pombe ya ndizi anaipenda kuliko anavyojipenda. Hana bastola, ana spana. Kila kitabu anapigwa: kwa kasia, kwa mnyororo wa nanga, na mara moja alipigwa na bibi kizee kwa mwiko. Mwizi ni shemeji ya mtu, na aliyeibiwa naye si malaika. Mtu akifa kwenye vitabu vile anakufa bila hotuba. Hakuna aliyekuwa ameandika hivyo kwa ajili yetu, kuhusu ziwa letu, tena kwa sentensi fupi na kavu kama zile.

Leo vijana wa hapa wanaandika visa vya mauaji kwenye simu zao na kurushiana, na kila mmoja ana shujaa mchovu anayepigwa na kudharauliwa. Hawajui wamemrithi nani. Mimi mwenyewe riwaya yangu ya kwanza ina dereva wa bodaboda ambaye ukimkwangua kidogo unamkuta yule fundi chini yake. Watu walinisifu kwa ubunifu. Nilinyamaza nikazila zile sifa zote, na mfupa sikubakiza.

Siri niliijua pale shangazi alipopata mtoto wa jicho. Macho yalikuwa yamefifia, akaniita nimchapie kwenye kompyuta kitu alichokiita barua ndefu. Nikapewa kaunta buku mbili. Nilisoma mistari minne tu, nikaliweka buku mezani. Sauti ile niliijua tangu nikiwa kidato cha pili, shule ya Buzebazeba, nikiisoma chini ya dawati huku mwalimu wa hesabu akidhani nimeinama kwa adabu.

"Shangazi," nikasema, "kumbe ni wewe!"

"Mimi nini?"

"Usinizuge. Vile vitabu. Ni wewe!"

Akacheka mpaka akashika mbavu. Akaniambia kwamba marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akipeleka posta, na lile jina ni la mumewe na la babu wa mumewe, wameligeuzageuza kidogo. Kisha akaacha kucheka.

"Sasa chapa, na ufunge mdomo. Nikifa, semeni mnavyotaka. Nikiwa hai, acha."

"Lakini shangazi, watu wajue! Wewe ndiye wa kwanza, kabla yako..."

"Nimesema acha, mwalimu."

Siku zote mimi kwake ni mwanangu. Mwalimu huniita akiwa amekasirika. Basi nikaacha, kwa siku hiyo. Nilidhani ni unyenyekevu, ile tabia ya wanawake wa rika lake kujificha nyuma ya pazia na kusema mimi nani bwana. Sikumuuliza sababu. Mtu mzima, mwalimu wa Kiswahili, kila siku nawachapa watoto kwa maswali ya ufahamu, nikashindwa kuuliza swali la maneno mawili: kwa nini?

Ningeuliza, angenieleza jambo ambalo kila mwanamke wa mwalo ule analijua. Wakati wa kugeuza dagaa mikono ina kazi lakini mdomo hauna, na kina mama huambizana. Waume, wakwe, mimba, wivu, dawa zilizofukiwa mlangoni, kila kitu. Na yaliyosemwa juu ya dagaa huachwa hapo hapo mchangani. Huyabebi kwenda nayo nyumbani, hata kwa mumeo. Anayeyabeba hatukanwi wala hafukuzwi, ila hatasogezewa tena nafasi, na hakuna atakayemwambia kitu. Shangazi alikaa kwenye mchanga ule zaidi ya miaka arobaini, na vitabu vyake vyote vilitoka pale. Alibadili vijiji, akabadili rangi za mitumbwi, mume akamfanya kaka, na juu ya yote akaweka jina la mwanamume wa mbali. Aliiba, mwenyewe anakiri. Lakini aliiba akafunika.

Mimi nikafunua. Na nisijisafishe hapa: sikufunua kwa mapenzi tu. Nilikuwa na makala nimeianza juu ya vile vitabu, na nilijiona tayari nikialikwa huku na huko kama mtu aliyemvumbua mwandishi aliyepotea. Jina lake lilikuwa ngazi. Nilitaka kupanda.

Tukaandaa siku ya vitabu, mimi na walimu wenzangu wawili. Kwetu ziwa lina kalenda yake. Kukiwa na giza watu wanakesha majini na taa zao na mchana wamelala. Mbalamwezi ikitoka, dagaa hawafuati taa, nyavu zinapumzika, na kila mtu yuko nchi kavu anashona nyavu na kutafuta maneno. Mwenzangu mmoja alishauri tufanye wiki ya giza, tuwe wachache, wanafunzi na walimu, yaishe. Nikamcheka. Nikachagua mbalamwezi, saa nne asubuhi, pale pale mwaloni. Turubai, viti vya plastiki, spika mbili za kukodi. Loo, walikuja! Mpaka wengine wakakalia mitumbwi.

Shangazi nilimwambia tunakwenda kuzungumzia vitabu vya zamani, basi. Akavaa kitenge chake kizuri akakaa na kina mama wenzake. Pembeni yake alikaa rafiki yake, mama mmoja mnene, mcheshi, waliyeanika naye dagaa tangu wote wasichana. Mume wa mama huyo alikaa mbele, safu ya tatu. Ni mzee mwenye chongo, na habari ya jicho lake kila mtu aliijua: zamani, akiwa bado kijana, wezi walimvamia ziwani wakampora injini ya boti na kumkata panga la uso.

Nikashika kipaza sauti. "Mwakeye!" nikawasalimu kwa Kiha, wakaitikia kwa kishindo, kichwa kikanivimba papo hapo. Nikawaeleza habari za vile vitabu vitano, na wazee kadhaa wakavikumbuka, wakaanza kumtaja yule fundi na kupigana mabega kwa kicheko. Kisha nikasema, "Nyote mnadhani aliyeandika ni mwanamume wa Dar es Salaam? Ebo! Yuko hapa, mmekaa naye!" Nikamnyooshea kidole shangazi yangu.

Vigelegele vikapaa. Shangazi akavuta kitenge akafunika mdomo, akatikisa kichwa mara mbili, polepole, akinitazama. Niliona. Wallahi niliona. Nikajiambia ni furaha imemzidi.

Laiti ningeishia hapo! Lakini mwenye kipaza sauti hashibi. Nikaongeza, "Na visa vyote hivi alivitoa hapa hapa mchangani, kwenu nyinyi kina mama!" Wanaume wakacheka. Upande wa kina mama vigelegele vikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Hata hilo sikulielewa. Nikafungua kitabu cha tatu, nikasoma sura ninayoipenda kuliko zote.

Sura yenyewe ni ya mke ambaye mumewe ana mke mdogo kijiji cha mbali, na kila wiki anakwenda huko kwa boti. Mke anachoka. Anawaambia vijana fulani wachukue injini tu, wasimguse mtu, maana bila injini hakuna safari. Ishara ni mkeka wenye pindo jekundu: siku mume anaondoka peke yake, mke atauanika upande wa ziwa. Siku inafika, na mvua inanyesha. Mume akiwa keshasukuma boti anageuka, anauona mkeka unalowa uani, anajiuliza mke wangu leo amesahau nini. Sura inaishia hapo. Niliisoma vizuri, siwezi kukataa. Nilipandisha sauti, nikashusha, nikaweka kituo cha kuwatia hamu.

Nilipoinua macho, mzee mwenye chongo alikuwa amesimama. Nilidhani ana swali kwangu, nikatabasamu, nikamsogezea kipaza sauti. Hakukiangalia. Aligeuka nyuma walikokaa kina mama.

"Ule mkeka," akamwambia mkewe. "Kumbe hukuusahau."

Hakupaza sauti. Baadaye nilikuja kujua kwamba habari ya mkeka hakuwahi kumsimulia mtu yeyote; alikuwa nayo kichwani tu, kitu cha mwisho cha nyumbani kwake alichokiona kwa macho yote mawili. Mkewe angeweza kusema hiyo ni hadithi. Angeweza kucheka, ni mcheshi yule. Aliinamia miguu yake akasema, "Niliwaambia injini tu."

Mzee akakaa. Spika zikaanza kupiga mluzi na hakuna aliyekwenda kuzizima. Watu wakaondoka mmoja mmoja bila kuagana, kama wanavyoondoka kwenye ugomvi wa majirani. Nikabaki na kitabu mkononi, na kitu cha kwanza nilichofikiria, Mungu anisamehe, ni kwamba shughuli imeharibika kabla sijapiga picha.

Mzee hakumpiga mkewe, wala hakumtukana. Miaka yote ile mama yule alikuwa amemuosha kidonda, amemshika mkono njia mbaya, amemchambulia samaki miiba, na sasa mzee hakujua mambo hayo ayaite mapenzi au malipo. Siku ya tatu alimwomba mwanawe mkubwa ampeleke mama yake Kibirizi, apande boti arudi kwa kaka zake Mwamgongo. Bibi wa watu, wajukuu wamemjaa uani, anarudishwa kwao na kiroba cha nguo.

Giza liliporudi na mitumbwi ikaingia tena majini, shangazi alikwenda mwaloni kama kawaida. Walimsalimu vizuri. Adabu haikupungua hata kidogo. Lakini akisogea, mazungumzo yanakufa. Wanaanza kuongelea mawingu. Alivumilia juma moja, kisha akabeba beseni lake akarudi nyumbani, na zile kaunta buku akaja kunidai. Nilikuwa nimefika nusu. Akazitia chini ya godoro.

Nikaenda kuomba radhi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwalimu."

Nikaanza kujieleza. Akaniacha nikazunguka mpaka nikachoka.

"Mimi ni shangazi yako," akasema. "Umenivua nguo, nitavaa nyingine. Yule mwanamke alikukosea nini?"

"Nilitaka watu wakujue, shangazi."

"Ulitaka watu wakujue wewe."

Alinipiga hapo hapo palipokuwa na kidonda, kama wanavyopigwa watu kwenye vitabu vyake. Yeye akaendelea, na sasa sauti ilikuwa ya chini.

"Na mimi nina langu. Ule mkeka nilitakiwa niutoe. Nilijaribu kuutoa mara tatu, nikaweka ndoo, nikaweka nguo za mtoto. Kila nikiutoa, sura inakufa. Nikauacha. Nilijua ni wake, nikauacha. Sasa nenda kwake."

"Nikamwambie nini?"

"Nitajuaje? Mwenye maneno ni wewe."

Nikapanda boti Kibirizi, mimi na magunia ya unga na mama mmoja na kuku wake. Njia nzima nilikuwa natunga hotuba. Mwamgongo sikupata shida kumwona, kila mtu alijua mgeni aliyerudishwa kwao yuko nyumba ipi. Nilimkuta uani anamenya mihogo. Alikuwa amepungua, kitenge kimemlegea kiunoni.

"Karibu, mwalimu," akasema. Akanipa kigoda, akanipa maji ya kunawa, akaniletea ugali wa muhogo na mgebuka wa kuchoma. Angenitukana ingekuwa nafuu. Nilikata tonge la kwanza, machozi yakanitoka kama mtoto.

"Wee! Usinililie kwenye chakula changu," akasema. "Kula, samaki huyo nimemchoma mwenyewe."

Nikala huku nalia. Nilipomaliza nikapiga magoti nikamwambia nisamehe mama. Akaonyesha mkoba wangu kwa kisu cha mihogo. Kitabu kilikuwa kimechomoza.

"Ndicho hicho?"

"Ndicho, mama."

"Mimi sijui kusoma. Siku ile uliishia kwenye mkeka. Sasa yule mwanamke, mwisho wanamfanyaje? Wanamfunga?"

Nilishtuka. Mimi mwisho wa kitabu kile naujua kwa moyo tangu kidato cha pili, na siku ile mwaloni haukunipitia akilini hata mara moja. Nilitaka makofi, na makofi yalikuwa kwenye mkeka.

Nikafungua kurasa za mwisho nikamsomea. Safari hii sikupandisha sauti. Fundi anaukuta ule mkeka umefukiwa kwenye mchanga, anaelewa yote. Anakwenda kwenye ile nyumba, anamkuta mwanamke anamwosha mumewe uso kwa maji ya uvuguvugu. Anaomba maji ya kunywa. Mume anamuuliza, umempata aliyewatuma? Fundi anakunywa maji yote, anarudisha kikombe, anasema hapana, sikumpata. Kijiji kizima kinamzomea kwamba ni fundi wa bure. Anachukua spana zake anaondoka.

Mama yule alikuwa ameacha kumenya.

"Alijua?"

"Alijua."

"Na hakusema?"

"Hakusema mpaka mwisho, mama."

Akachukua muhogo mwingine, akaugeuzageuza, akauweka chini.

"Kwa hiyo mwenzangu alinifichia," akasema. "Hata humo kwenye kitabu chake alinifichia."

"Ndiyo."

Akafuta pua kwa pindo la kitenge. Nami kwa mara ya kwanza nikawa na akili ya kunyamaza.

"Mwambie aje," akasema. "Wewe usirudi."

Jumamosi iliyofuata nilimsindikiza shangazi Kibirizi, nikambebea begi mpaka kwenye ubao wa boti, nikamshika mkono akapanda. Nikarudi nyuma na viatu vyangu vimelowa. Nahodha akaniuliza kama na mimi naenda. Nikamwambia hapana, mimi sikualikwa.